Kitabu cha Adabu kwa Mtu Aliyejifungua

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wale mlioanza kuangalia saa, hata mimi saa ninayo, naiona. Leo sina mahubiri marefu. Nina mtu mmoja tu wa kuwasimulia, na mtu huyo kaniudhi wiki nzima. Nikila ananiudhi, nikioga ananiudhi. Nimeona nije naye hapa awaudhi na ninyi.

Alikuwepo mzee mmoja mstaafu. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka nyuma na kuangaliana. Mtaani walimwita Baba Tusekile, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa karani wa wilaya miaka thelathini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuandika barua. Na barua zake, jamani! Kumbukumbu namba huku, tarehe kule, salamu, halafu "YAH:" kwa herufi kubwa na mstari chini yake umenyooka kwa rula. Mtu akitaka kiwanja, akitaka uhamisho, akitaka ruhusa ya msiba, alikwenda kwake. Hakuna barua yake iliyowahi kurudishwa.

Sasa huyo Tusekile, mzee alimhangaikia mpaka akampatia kazi serikalini. Binti akakaa nayo mwaka na miezi minne, akaiacha. Akanunua cherehani. Mzee alipopata habari hakumwita pembeni, la. Alingoja ndugu wote wajae nyumbani kwenye sherehe ya kipaimara ya mdogo wa binti huyo, akasimama akasema, "Mimi sina binti fundi cherehani. Asiyesikia aambiwe." Na binti alikuwa amekaa pale pale, sahani ya pilau mapajani. Akaiweka sahani chini, akachukua mkoba wake, akaondoka. Miaka mitatu na nusu baba hajasikia sauti ya mwanawe. Mtaa mzima unamwita kwa jina la mtoto asiyesema naye, naye anaitika bila aibu!

Asubuhi moja, wakinywa chai, mkewe akamwambia, "Baba Tuse, binti yako amejifungua. Mtoto wa kike."

Mzee akakitazama kikombe. Ndugu zangu, moyo ulimruka. Tangu astaafu hakuna kitu alichokitaka kama hiki: amwone binti yake anaingia mlango ule, amebeba mtoto, ampakate mjukuu wake. Hicho tu. Lakini mdomo ulikataa katakata kusema hivyo.

"Nitamtumia zawadi," akasema.

Mama wa watu akafurahi. "Khanga? Au nguo za mtoto?"

"Kitabu."

"Kitabu gani tena?"

"Cha adabu kwa wazazi. Sasa na yeye ni mzazi, ataelewa."

Mkewe akainuka. Alikusanya vikombe akaenda zake jikoni. Wanawake wangapi humu ndani wamekusanya vikombe namna hiyo? Msinyooshe mikono, nawajua.

Basi mzee akachukua simu yake, akaingia kwenye duka moja kubwa la vitabu la mtandaoni. Duka hilo, wapendwa, lina vitabu laki kadhaa. Ukiambiwa upite rafu kwa rafu utakufa hujafika nusu. Ndiyo maana juu kabisa wameweka kisanduku cheupe kimeandikwa "Tafuta", unaandika unachotaka, wao wanakuletea. Mzee akavaa miwani. Akaandika hivi, sikilizeni:

"Ndugu Meneja, salaam. YAH: MAOMBI YA KITABU CHA ADABU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani mstaafu mwenye afya njema, naomba kitabu kwa ajili ya binti yangu mkaidi aliyeacha kazi ya serikali. Natanguliza shukrani za dhati."

Ndani ya kisanduku cha kutafutia! Nani alimwambia mle ndani amekaa meneja? Duka likachukua kila neno likalifanyia kazi. Kwa sababu ya "meneja" likamletea vitabu vya kuongoza kampuni. Kwa sababu ya "afya", vitabu vya kisukari na presha. Kwa sababu ya "serikali", sheria za ardhi, mabuku mazito. Vitabu elfu arobaini na moja na ushei! Akavisogeza kwa kidole, kimoja kimoja, tangu saa tatu mpaka saa sita, na kila kimoja anakigombeza. "Ufugaji wa nyuki wa nini mimi? Nimeomba nyuki?"

"Punguza maneno, Baba Tuse," sauti ikatoka jikoni.

Akapunguza, kwa hasira. Mtu akipunguza kwa hasira mnajua anavyopunguza. Akaandika neno moja tu: "Mtoto." Lo! Uji wa mtoto, chanjo za mtoto, nyimbo za kumbembeleza mtoto, majina ya watoto wa kiume na maana zake. Kazi kweli kweli.

Halafu akaona pembeni kuna vichujio, yaani vile viboksi vya kuweka tiki ili duka likupunguzie mzigo. Hapo karani ndani yake akaamka. Maana karani anaamini kwamba fomu yenye nafasi tupu haijajazwa, inarudishwa ilikotoka. Kumbe si fomu ile! Ni hiari, unachagua kimoja au viwili vinavyokuhusu. Yeye akaweka tiki kila mahali alipoona pa kuweka. Jalada gumu, tiki. Kimetoka mwaka huu, tiki. Kina picha, tiki. Kurasa chini ya hamsini, tiki. Nyota tano za wasomaji, tiki. Duka likafikiri kidogo, likajibu: "Hakuna kitabu kilichopatikana."

"Ala! Duka gani la vitabu halina kitabu?"

Akapiga simu kwa huduma ya wateja, akaiweka spika ili aendelee kuliona duka, mishipa ya shingo imesimama. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Duka lenu limeharibika."

"Pole sana, mzee wangu. Uliandika nini?"

Akamsomea barua nzima, pamoja na shukrani za dhati. Yule dada akakohoa kidogo. Nadhani aliweka mkono mdomoni.

"Mzee, kile kisanduku hakisomi barua," akasema. "Kinatafuta maneno tu. Ukikipa maneno arobaini kinakuletea chochote chenye mojawapo. Ukikipa neno moja pana, kinakuletea dunia nzima. Kipe maneno mawili matatu, yale yanayobeba kitu chenyewe. Na hizo tiki zitoe zote. Ukiona vimebaki vingi, ndiyo unaongeza moja, unaangalia, unaongeza nyingine. Sasa, kitu chenyewe ni nini?"

"Adabu kwa wazazi."

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Vikaja sitini na viwili. Akaweka tiki ya Kiswahili, vikabaki tisa. Tisa, vya adabu vitupu! Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hapo sawa, binti. Hiki cha kwanza. Nifungieni vizuri, ni zawadi ya mwanangu, amejifungua."

"Hongera, mzee!" akasema yule dada. "Samahani. Kitabu cha adabu, kwa mtu aliyejifungua?"

"Ndiyo."

"Usinichukie nikikuuliza. Akishakisoma, unataka kitokee nini?"

Mzee akafungua mdomo kusema "ashike adabu", ikakataa kutoka. Ikatoka nyingine. "Aje nyumbani. Aje na mtoto nimwone."

"Basi mzee wangu, hicho ndicho kitu chenyewe. Andika hicho. Andika: kupatana na mwana."

Akaandika, shingo upande. Vikaja vitabu kumi na kimoja. Akaanza kusoma maelezo ya cha kwanza: kimeandikwa kwa ajili ya mzazi. Cha pili: kwa ajili ya mzazi. Cha tatu kinamwambia mzazi namna ya kuanza kusema nimekosa. Akavisoma mpaka cha kumi na moja akitafuta angalau kimoja kinachomsema mtoto. Hakuna.

"Duka lenu limekaa upande wa watoto!" akang'aka. "Mimi sijakosa! Nirudishie vile tisa!"

Yule dada akavuta pumzi mpaka ikasikika. Naye ni binti wa mtu, msisahau. Akasema, "Sawa, mzee. Ni haki yako. Bonyeza 'agiza', ujaze pa kukipeleka."

Hapo mzee akakaa sawasawa kwenye kiti, maana kujaza ndiyo fani yake. Jina la mtumaji, akaandika majina yote matatu. Jina la mpokeaji, akaandika Tusekile. Mkoa, akaandika Dodoma. Mtaa.

Mtaa.

"Binti, nimeandika Dodoma. Haitoshi?"

"Dodoma kubwa, mzee. Anakaa mtaa gani?"

"Sijui."

"Basi acha mtaa, weka namba yake ya simu. Msafirishaji atampigia akifika."

Akafungua majina kwenye simu yake. Fundi bomba yupo. Muuza mkaa yupo. Mwenyekiti wa wastaafu yupo mara mbili. Tusekile hayupo, alimfuta mwenyewe kwa kidole chake, siku ile ile ya kipaimara.

"Sina," akasema.

"Mpokeaji ni nani yako, mzee?"

"Si nimekwambia ni mwanangu? Mwanangu wa kumzaa!"

"Nani anayo namba yake?"

"Mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yupo jikoni."

"Basi, baba, nenda jikoni ukaiombe," akasema yule dada, na sauti ilikuwa imebadilika. "Na ukishaipata, usinipigie mimi."

Akakata simu.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua, alikwenda jikoni? Sijui! Mimi nimemwacha pale kwenye kiti, miwani puani, simu mkononi. Msiniulize habari zake. Niwaulize zenu.

Sisi tunajua kutafuta, jamani. Nani hapa hajui? Tunatafuta kazi mpaka kwa wajomba wa wajomba. Mbuzi akipotea tunazunguka vijiji vitatu. Lakini ndugu uliyemkosea anakaa mtaa gani? Mwanao anakula nini? Dada yako bado anaumwa mgongo? Hatujui, na tumekaa hapa tunaimba kwa sauti nne! Na Mungu tunamwandikia barua. Bwana, mlainishe mume wangu. Bwana, mguse yule mkwe wangu. Bwana, mfundishe kaka yangu kunyenyekea. Maombi dakika arobaini, na kila mstari unamhusu mtu mwingine. Sisi kukosa? Ng'o! Mungu anatuuliza kitu chenyewe ni nini, na sisi tunamrudisha kwenye vile tisa.

Na kabla hamjaniona mtakatifu, mimi mchungaji wenu nina kaka yangu Makambako. Tumbo moja. Tuligombana siku tuliyomzika mama, tukagombana kwa sababu ya kitanda. Kitanda cha mbao! Mwaka huu ni wa sita. Nimemwombea madhabahuni hapa kila Jumapili, mmeitikia amina, na maombi yalikuwa mazuri sana. Nimekosa, wala sijawahi kumwambia nimekosa. Namba yake ninayo, sikuifuta. Kwa hiyo sina hata kisingizio cha yule mzee.

Mzee wa usharika, leo usitoe wimbo wa kufunga. Baraka nitawapa nikirudi. Natoka nje, pale ukutani ambapo simu inashika mtandao, nampigia kaka yangu. Mwenye mtu wa kumpigia, anifuate.