Viatu Vyekundu vya Lithara

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi kupelekana barazani, bali zamani ya Rumi, alikuwako Kaisari mmoja jina lake Evstrati. Kaisari huyu alikuwa na nchi kubwa inayopungua. Waarabu walikuwa wametoka jangwani na dini yao mpya na farasi wao wepesi, wakachukua Sham, wakachukua Misri, na sasa walikuwa wanabisha hodi milimani. Kaisari alipopoteza Sham alinyamaza. Alipopoteza Misri alinyamaza. Lakini siku aliposikia mtu kavaa viatu vyekundu sokoni, alipiga kelele mpaka mapazia ya kasri yakatikisika.

Maana sheria ya Rumi ilikuwa hivi: viatu vyekundu ni vya Kaisari peke yake. Mwingine akivivaa, hata kwa mzaha, hata chumbani kwake, anatobolewa macho. Na desturi ya Rumi ilikuwa hivi: viatu vyekundu vikitokea, kila mtu aanguke kifudifudi, paji la uso chini, asiinue kichwa mpaka viatu vipite. Kwa hiyo Warumi waliwajua Makaisari wao kwa viatu. Usoni hawakuwatazama. Na wala haikuwa hasara kubwa, kwa sababu zama zile Makaisari walipinduana ovyo, leo uso huu, kesho uso ule. Viatu vilikuwa vilevile.

Sasa basi. Huko mpakani palikuwa na mji unaitwa Lithara, na Amiri Qutba akaja na jeshi la Waarabu akauzingira. Watu wa Lithara wakatuma mpanda farasi kwa Kaisari: njoo, tunakufa. Mpanda farasi akafika kasrini, akaambiwa asubiri uani. Kwa nini asubiri? Kwa sababu Kaisari hapokei habari mbaya akiwa na nguo za kawaida. Lipo vazi jeusi la kupokelea habari mbaya, na vazi lile, kwa jinsi lilivyotumika miaka ile, lilikuwa limechanika kwapani. Lilikuwa kwa fundi.

"Habari yenyewe ni mbaya kiasi gani?" Kaisari aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Hatuwezi kujua, bwana wetu, mpaka uvae," wakamjibu.

Huku Lithara maji ya birika yalikuwa yamebaki tope. Amiri akatuma neno: "Fungueni lango kesho mchana. Mkifungua wenyewe, roho zenu na makanisa yenu vi salama. Tukilivunja sisi, tusilaumiane." Watu wakakusanyika kanisani, wengine wakilia, wengine wakigombana na waliokuwa wakilia.

Akasimama Padri Metodi, mzee wa kanisa lile, akasema: "Hawa Waarabu hawatuogopi sisi. Wanamwogopa Kaisari, kwa kuwa Kaisari hatembei bila jeshi. Tuwaambie amekwisha ingia kwa njia ya mlimani, na jeshi lake li nyuma yake."

Akasimama Bi Anthusa, mjane, mshona viatu, mwanamke mwenye ulimi wa kukata ngozi bila kisu. Akauliza: "Na nani atakuwa Kaisari?"

Watu wakatazamana. Mtu mrefu, mwenye kitambi cha heshima, alikuwa mmoja tu mji mzima, naye ni Varda, bawabu wa lango. Bi Anthusa akasonya. Varda alikuwa mkwewe, na tangu siku alipomwoa binti yake, Bi Anthusa hakuwahi kumwita kwa jina.

"Huyo?" akasema. "Huyo bawabu anaongea hata na bawaba! Mwarabu atafika, ataulizwa habari za mama yake na bei ya ngamia."

"Kaisari hasemi na wageni," Padri akajibu. "Anatazama tu. Tunachotaka kwake ni asimame na anyamaze."

Varda mwenyewe alikuwa amejishika kichwa. "Na macho yangu je, Baba Padri? Kaisari akija kusikia, macho yangu yamekwenda. Nina watoto wawili. Nataka niwaone wakikua."

"Tukifa wote hutawaona vilevile."

Varda akafikiri. Alikuwa mwoga, siwafichi, na kila mtu Lithara alijua. Lakini akainua uso akasema, "Basi, mama, nishonee."

Bi Anthusa akashona. Ila mguu hakuupima. Mama mkwe ashike mguu wa mkwewe? Ng'o! Alikadiria kwa macho, akiwa amegeukia ukutani. Kwa hiyo viatu vilikuwa vyekundu kweli, vizuri kweli, na vilimbana Varda mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake mchana lango likafunguliwa kidogo, akaingia mjumbe wa Amiri, kijana mtulivu jina lake Yaala. Padri Metodi akaweka mkono juu ya Injili. "Naapa," akasema, "Kaisari yumo ndani ya mji huu."

Yaala akatabasamu. "Kiapo chako nimekisikia, mzee. Sasa nionyeshe."

Ndipo Varda akatokea juu ya ngazi za ukuta. Viatu vikang'aa.

Na hapa sikilizeni, kwa sababu jambo hili hawakulipanga. Kila mtu pale alijua kuwa yule ni Varda. Wako waliokuwa wamegombana naye jana yake. Lakini wekundu ulipotokea tu, magoti yalitii yenyewe. Mji mzima, puu, kifudifudi. Mke wake kifudifudi. Padri Metodi, mwenye wazo, kifudifudi, Injili imemponyoka. Na Bi Anthusa, aliyevishona kwa mkono wake, vidole bado vina rangi, naye kifudifudi, mama mkwe mbele ya mkwewe. Baadaye alisema aliteleza.

Yaala peke yake ndiye aliyebaki wima. Akawatazama watu chini, akamtazama yule mtu juu, uso kwa uso. Akajisemea kuwa mzee huyu anaweza kudanganya kwa ulimi, lakini mji mzima hauwezi kudanganya kwa magoti. Akarudi kwa Amiri.

Amiri hakuridhika haraka. Akamwita mpiga mishale wake hodari, akamwambia ajaribu. Mshale ukaja ukipiga mluzi, ukaondoka na kipande cha sikio la Varda. Varda hakusogea. Damu ikamtiririka shingoni, naye kasimama tu anatazama milima. Jeshi zima likaona. Jioni ile Amiri akaamuru hema zikunjwe, na Lithara wakalala na roho zao.

Basi Kaisari akaja. Vazi lilikuwa limekwisha shonwa. Akaja na jeshi na wapiga tarumbeta na mpishi wa samaki, akakuta hakuna vita. Akakaa kwenye kiti, watu wote kifudifudi, akasema: "Nani aliyeuokoa mji wetu? Tunamfanya liwali wa Lithara, yeye na uzao wake."

"Ni mimi, bwana wetu," akasema Padri Metodi, mdomo kwenye sakafu. "Wazo lilikuwa langu. Na niliapa uongo juu ya Injili. Wengine walihatarisha mwili, mimi nimehatarisha roho."

"Ni mimi," akasema Bi Anthusa. "Bila viatu, wazo la Padri lingebaki mahubiri. Na tena nilivibana kusudi. Mkwe wangu namjua, vingemwenea angekimbia."

"Ni mimi!" akasema Varda. "Hebu tazameni, jamani, sikio hili ni la nani? Mshale ule niliuona tangu unatoka, nikauambia moyoni, we mshale, mimi nina watoto, ukanijibu—" Akaendelea mpaka askari akamgusa kwa mkuki.

Kaisari alikuwa akicheka. Kisha kicheko kikakatika. Akatazama miguu yake mwenyewe, akauliza polepole: "Viatu hivyo vilikuwa vya rangi gani?"

Watu wakazidi kubana mapaji yao sakafuni.

"Sheria ni sheria," akasema Kaisari. "Kazi ni moja, mtendaji ni mmoja. Hatuwezi kumpa huyu cheo na kumpa yule adhabu kwa jambo lilelile. Aliyeuokoa mji atapata uliwali, na atatobolewa macho. Haya, semeni tena. Nani aliyeuokoa mji wetu?"

"Bwana wetu," akasema Padri Metodi, "mimi wazo lilinipitia tu. Mawazo hupita."

"Mimi ni fundi," akasema Bi Anthusa. "Nashona. Mteja akienda kuvaa wapi, mimi simo. Na kubana kwenyewe, kulikuwa bahati mbaya."

Varda, kwa mara ya kwanza bila kuamriwa, alinyamaza.

Wakaulizwa watu wa mji: "Mlimwona nani ukutani?"

"Tuliona viatu, bwana wetu."

"Na ndani ya viatu?"

"Miguu."

"Miguu ya nani?"

"Tulikuwa kifudifudi, bwana wetu."

Askari walikuwa wameshaanza kupasha chuma moto. Mke wa Varda akaanza kulia kwa sauti ndogo, na watoto wake wawili wakamshika nguo. Bi Anthusa akakisikia kilio kile cha binti yake. Hakuwa akimpenda yule bawabu, wala sisemi alimpenda siku ile. Lakini akatambaa mbele, akasema: "Kama macho lazima yatoke, yatoke yangu. Mimi nimekwisha ona vya kutosha, na vingi havikunipendeza. Ya Varda yana watoto wa kutazama." Hapo hata mimi, kila nikifika, roho huniuma, maana ndipo alipolitaja jina la mkwewe kwa mara ya kwanza.

Mshauri wa Kaisari, mtu aliyekula miaka mingi kwa kunong'ona, akainama akanong'ona. Uso wa Kaisari ukachangamka, au ndivyo tunavyodhani, kwa vile hakuna aliyeutazama.

"Sikilizeni," akasema Kaisari. "Viatu vyekundu huvaliwa na Kaisari peke yake. Ukutani palikuwa na viatu vyekundu. Kwa hiyo aliyekuwa ukutani ni sisi."

Watu wakashangilia chini kwa chini. Hapakuwa na kosa, hapakuwa na mkosaji! Padri akabaki na roho yake jinsi ilivyo, Bi Anthusa akabaki na macho yake, Varda akarudi kwenye ubawabu wake. Mchoraji akaitwa achore ukutani Kaisari Evstrati akisimama mbele ya mshale. Akauliza habari ya sikio. Akaambiwa achore yote mawili.

Ingekuwa imekwisha hapo, ningekwenda zangu kula. Lakini rangi ya picha haijakauka, akarudi Yaala. Akasimama mbele ya kiti cha Kaisari, na kama kawaida, ukiacha bawabu wa mlangoni ambaye kazi yake ni kusimama, yeye peke yake ndiye aliyesimama.

"Amiri anasema hivi," akasema. "Mtu aliyepigwa mshale asitikisike, tunamheshimu. Tuko tayari kuapa amani naye, tusiiguse Lithara maisha yake yote. Ni na yeye, si na mwingine. Nimetumwa mimi kwa sababu mimi nilimwona uso."

Mshauri akaharakisha: "Ndiye huyu hapa. Au siye?"

Yaala akamtazama Kaisari. Akatazama viatu, vimemwenea sawasawa. Akatazama sikio la kulia, akatazama sikio la kushoto. Kisha akageuka akatazama mlangoni, alikosimama bawabu mmoja mrefu, kichwa kimefungwa kitambaa, miguu mitupu, vidole vimejaa malengelenge.

Fikirini shida ya kijana yule. Akisema siye, bawabu anatobolewa macho, na Amiri wake anachekwa kuanzia Sham mpaka Misri kwamba alimkimbia mlinda mlango. Akisema ndiye, amesema uongo, na yeye alikuwa amemdharau Padri kwa kiapo kile.

"Niliyemwona ukutani alikuwa Kaisari," akasema Yaala. "Huyu hapa simjui."

Mji mzima ulikuwa kifudifudi, kwa hiyo yaliyofuata waliyaona hivi. Waliona viatu vyekundu vikishuka ngazi za kiti. Viatu vikapita ukumbini, polepole, katikati ya watu. Vikafika mlangoni, vikasimama mbele ya miguu yenye malengelenge. Vikakaa pale kitambo. Mke wa Varda akawafumba watoto macho. Kisha viatu vikavuliwa. Vikabaki sakafuni, vitupu, na huku na huku miguu minne haina kitu, ya Kaisari na ya bawabu, na mtu asiyejua asingeweza kusema ipi ni ya nani.

Halafu mguu mmoja ukainuka kuingia kiatuni.

Wa nani, msiniulize mimi. Walionisimulia walikuwa wamelala na mapaji yao chini. Mimi nawauliza nyinyi, mnaonitazama usoni. Padri aliwaza, akaapa uongo. Mama mkwe alishona, akabana, akakubali macho yake yatoke badala ya ya mkwewe. Bawabu alisimama, kwa ushujaa au kwa kubanwa, hata mwenyewe hajui. Kaisari alikuwa na sheria, na viatu vilimwenea. Mjumbe wa adui ndiye peke yake aliyetazama uso.

Je, nani alistahili viatu vile, na macho ya nani yalistahili kutobolewa?