Siku Mzee Kihwele Alipougusa Wavu

Mzee akigusa wavu, pimeni sakafu. Ndivyo alivyosema mwalimu mkuu wenu leo asubuhi, baada ya darasa zima kupata mia kwa mia kwenye hesabu, nanyi mmerudi hapa mmenuna mkidhani amewatukana. Hakuwatukana. Kaeni, mmoja wenu anisogezee hilo jiko la mkaa maana baridi ya Iringa haina adabu, nami niwaambie maneno hayo yalizaliwa wapi. Yalizaliwa hapa hapa mtaani kwetu, kwenye ule uwanja wa kikapu mnaoupita kila siku, na aliyeyazaa yu hai na bado anapenda sifa.

Ni Mzee Aloisi Kihwele. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa timu yetu ya Radi, mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Ujanani aliichezea Radi, na jambo moja lilimkaa rohoni: hakuwahi kuugusa wavu. Vijana wa enzi zile walikuwa na desturi yao. Kabla ya mazoezi kila mmoja alijipaka masizi vidoleni, akaruka, akaacha alama kwenye ncha ya wavu. Ukiacha alama, umekuwa mtu mzima. Aloisi aliruka ujana wake wote akaambulia upepo, na wenzake wakamwita Masizi Bure mpaka siku alipooa. Hata kanisani kuna mtu alimwita hivyo, mkewe anamkumbuka ni nani.

Basi alipopata uenyekiti, akajenga sakafu. Uwanja wa zamani ulikuwa unatuama maji, masika yakianza wachezaji wanakunja suruali. Mzee akawatoa wanaume wa mtaa mzima, wakajaza mawe na kifusi juu ya sakafu ya zamani, na juu yake wakamwaga zege, wakalisawazisha, wakalipaka rangi ya kijani. Nguzo za vikapu hawakuzigusa. Ziko imara, walisema, ya nini kuzisumbua. Kila jioni Mzee alipita pale akiikanyaga sakafu yake taratibu, na ole wako akukute una tope kiatuni.

Mwaka huo huo akaja kocha mpya, Tulinagwe Mwasomola, binti wa Tukuyu, mpole wa maneno lakini mkali wa mazoezi. Msimu ukaanza kwa maajabu. Mgeni akija hapa, mipira yake inapita juu ya ringi kana kwamba anawarushia ndege, na Radi wanashinda kiulaini. Lakini Radi wakitoka, wakienda Mafinga, Njombe, Makambako, mipira yao yote inafia chini ya ringi. Na ratiba iliwapa mechi nyingi ugenini kwanza. Kufika katikati ya msimu wako mkiani, na wa mkiani alikuwa anashuka daraja. Kwa timu maskini kama yetu, kushuka ni kufa. Vijana wangetawanyika, na ule uwanja ungeanikiwa mahindi.

Kamati ikaketi. Mzee Kihwele akasimama akaeleza alivyoona yeye.

"Nyumbani tunashinda kwa sababu kamati ipo uwanjani. Ugenini tunafungwa kwa sababu kocha yuko peke yake. Sasa niambieni, tatizo ni nani?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, hoja waliiona imesimama kwa miguu minne. Kocha Tuli akaitwa ajitetee.

"Mwenyekiti, vijana wanajua kurusha," akasema. "Kuna kitu hapa nyumbani kinawadanganya. Sijakijua bado, lakini nahisi kiko kwenye huu uwanja wetu."

Angesema lingine lolote, angesamehewa. Angesema vijana ni wavivu, wangempa muda. Lakini kuusema uwanja ni kuisema sakafu, na kuisema sakafu kulikuwa kumtonesha Mzee kidonda. Akamfukuza kazi pale pale, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nasonga ugali kwangu niliisikia.

Kisha akachukua filimbi mwenyewe. Akaenda na timu Njombe, akapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, na Radi wakafungwa vibaya kuliko walivyowahi kufungwa chini ya Tuli. Nahodha wao Lutengano, kijana mrefu mwenye moyo mwepesi, alilia njia nzima ya kurudi, na Mzee alikaa kiti cha mbele asiweze kugeuka nyuma. Aliipenda ile timu, msimfikirie vibaya. Moyo ulimuuma kweli, ila hakujua aukune wapi.

Mazoezi yaliyofuata vijana walikuwa wamenyong'onyea. Lutengano akataka kuwachangamsha wenzake. Akaleta sufuria lenye masizi, akamwambia, "Mzee, tuonyeshe enzi zenu zilikuwaje."

Mzee akakataa, akavutwa, akakataa tena, lakini huku anavua koti. Akajipaka masizi. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja mbio na kile kitumbo chake, akaruka.

Akaugusa.

Alama nyeusi ikabaki kwenye wavu mweupe, watu wote wanaiona. Vijana wakambeba juu. Mzee Kihwele alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasahau Njombe, akasahau ligi, akatoka pale anakimbia kwenda nyumbani kumwambia mkewe, na njiani alisalimia watu kwa kuwaonyesha vidole.

Mkewe, Mama Ernestina, alikuwa anachekecha unga. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hongera, baba," akasema. "Na ujanani uliwahi kuugusa?"

"Hata siku moja."

"Na lile goti lako?"

"Linauma tu, ila leo limenitii."

Mama Ernestina akakung'uta mikono. "Vizuri. Basi nishushie lile kopo la chumvi juu ya kabati. Usichukue kigoda."

Mzee akanyoosha mkono, hakufika. Akaruka, hakufika. Akaruka tena kwa hasira, vyombo vikatikisika kabatini, na chumvi ikabaki pale pale ilipo.

"Wewe ni yule yule niliyeolewa naye," mkewe akasema, "na nakupenda hivyo hivyo. Hukupanda wewe. Labda kuna kilichokupandisha."

Mzee akasimama pale jikoni, kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akaazima futi ya fundi jirani, akarudi uwanjani, vijana wakamshikia ngazi. Akapima kutoka ringi hadi sakafu. Kwa kipimo cha ligi, pakapungua shibiri nzima na vidole juu yake. Shibiri ile ile ya kifusi chake. Vijana walikuwa wanafanya mazoezi kwenye kikapu kilichoinama kuwafuata, halafu anawapeleka kwa watu wenye vikapu vilivyosimama. Akaketi chini kwenye sakafu yake ya kijani, akaona aibu, na wote pale waliiona aibu hiyo, maana hakuificha.

Akaenda moja kwa moja nyumba aliyopanga Tuli. Akamkuta anafunga mizigo ya kurudi kwao Tukuyu.

"Shikamoo, Mzee," akasema Tuli.

"Marahaba, mwanangu, ingawa leo ilifaa nikuamkie mimi. Ulisema kuna kitu kinawadanganya vijana. Nimekipata. Nilikijenga kwa mikono yangu." Akamwonyesha vile vidole vyenye masizi. "Nimeugusa wavu."

Tuli akamtazama urefu wake, toka viatu hadi kofia, na ingawa alikuwa na kila sababu ya kununa, kicheko kikamponyoka. Mzee naye akacheka.

"Nitarudi," Tuli akasema alipopata pumzi, "lakini utawaambia watu wote ulivyokijua, kama ulivyoniambia mimi."

Akawaambia. Alisimama mbele ya kamati na wachezaji na sisi majirani, akasema, "Mimi mzee nimegusa wavu, na badala ya kupima sakafu nilimfukuza kocha." Wiki hiyo hiyo fundi wa kuchomelea akavipandisha vikapu. Mazoezi ya kwanza hakuna aliyefunga kitu. Tuli akawafanyisha kazi mpaka mikono ikazoea, wakaanza kuokota ushindi mmoja mmoja, na ikabaki mechi ya mwisho, Makambako. Wakifungwa, wanashuka. Tulikwenda mtaa mzima. Lutengano aliruka mwishoni kabisa, mpira ukaenda juu, juu kweli, ukatumbukia bila kugusa chuma. Mzee Kihwele alimpigia Kocha Tuli magoti mbele ya watu, kisha akashindwa kuinuka kwa sababu ya lile goti, ikabidi Tuli amvute.

Tangu hapo tuna desturi yetu. Mechi ya kwanza ya kila msimu, kabla ya filimbi, Mzee Kihwele anajipaka masizi na kuruka. Mwaka huu karuka ameshika mkongojo, mtu wa kusema karuka ni mimi tu ninayempenda. Akikosa, uwanja mzima unamshangilia na mchezo unaanza. Akigusa, hatuchezi.

Sasa ninyi. Mtihani ulisahihishwa na nani? Ahaa, mlibadilishana madaftari mkasahihishana wenyewe. Kesho mwalimu mkuu atasahihisha mwenyewe, na mkipata mia hizo tena, nitawapikia pilau nikiwaimbia. Mkikosa, njooni hivyo hivyo mle, Mzee Kihwele mwenyewe hukosa kila mwaka na hulala ameshiba. Lakini kumbukeni: mzee akigusa wavu, pimeni sakafu.