Kanga Iliyochanwa Mvuani

Mrina asali mmoja, ndugu zangu, alishikwa na mvua msituni akimpeleka mwanawe zahanati. Kifua kimembana mtoto, mbele mto umefura, haupitiki. Alikuwa na mkewe na mama mkwe wake. Na kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Naona wanaume wengine mnatabasamu, mnatamani mngezaliwa huko. Subirini.

Chini kulikuwa maji matupu, basi akafunga gunia kwa kamba kati ya miti miwili, likawa kitanda cha kuning'inia. Juu akatanda turubai. Mkewe akapanda na mtoto. Mama mkwe akajibanza pembeni ya turubai, amegeuza mgongo, kanga kichwani mpaka puani.

Haikupita muda mke akasema, "Baba watoto, tunaloa."

"Mnaloaje, na turubai halina tundu?"

"Njoo ushike gunia."

Akashika. Chapachapa. Maji hayakutoka juu. Yalishuka na mti, yakaipata kamba, yakatembea nayo chini ya turubai mpaka mgongoni kwa mtoto. Kamba ileile inayomshikilia.

Sasa, mrina asali ana dawa moja ya kila kitu: nta. Mzinga umepasuka? Nta. Kiatu? Nta. Akatoa bonge, akaipaka kamba mpaka ikang'aa. Maji nayo yakaona yametengenezewa lami. Yakaja mbio zaidi.

Mtoto akaacha kulia. Akina mama, mtoto mgonjwa akinyamaza ghafla, mnasikia nini?

"Baba watoto," mke akasema polepole, "amekuwa wa baridi."

Na yule bibi? Dawa aliijua tangu mwanzo. Lakini heshima. Akauambia mti: "Wewe mti, mwambie mtu afunge kitambaa kwenye kamba." Mti ni mti. Mrina naye akasikia sauti ya mama mkwe, akatazama kando kwa adabu, akaendelea kupaka nta.

Bibi akamgeukia mjukuu. Midomo imebadilika rangi.

Akavua kanga. Kichwa wazi, uso kwa uso na mkwewe. Akachana pindo lake kwa meno, vipande viwili, akafunga kimoja kila upande, kabla kamba haijafika kwenye gunia, ncha zikining'inia.

"Mkwe wangu, kaza hapa. Hiyo ncha usiikate, ndiyo njia ya maji."

Maji yalipofika kwenye kitambaa yakafuata ncha, yakadondoka chini. Bibi akakamua gunia, akamfunga mtoto kwa kanga iliyobaki, akamlaza kifuani pake. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Mtoto akakohoa, akalia kwa hasira.

Sasa sisi. Turubai tunalo: tunasali, tunafunga, nyumba tumeezeka bati jipya. Lakini ni wangapi hapa mnaona kabisa maji yanapita wapi nyumbani kwa ndugu yako, na wewe umegeuza mgongo, unazungumza na mti? Unaita heshima. Kanga yako nzima, haina hata mkunjo, na mtoto amekuwa wa baridi.

Ukitoka hapa usije kuniambia mahubiri yalikuwa matamu. Nenda kachane kanga. Na ninyi wanaume mliotabasamu, hata koti linachanika.