Nchi Ambamo Mtu Haitwi

"Kuita si kutawala." Shangazi yenu amewaambia hivyo alipowaita mkapure mpunga, nanyi mmenuna kama mliotozwa kodi. Kaeni, niwaeleze neno hilo lilikoanzia.

Zamani Mto Rufiji ulihama njia, ukaacha kisiwa cha udongo mweusi kisicho cha kijiji chochote. Mtopa alihamia pale na mkewe Nambunga, wakafuatwa na jamaa wachache. Mtopa alikuwa amechoshwa na mbiu ya msaragambo kijijini: ikilia usifike kuchimba mtaro, kuku wako anachukuliwa. Basi akatangaza nchi mpya, haina jumbe wala kodi. Sheria zilikuwa mbili tu: mtu asimwite mwenzake kazini, wala asiingie shamba la mwenzake bila kuitwa. Wakatundika kanga ikawa bendera, wakala wali hadi wakasinzia.

Kila mtu alijenga tuta la kuzuia maji mbele ya shamba lake, na mpunga ukastawi vizuri.

Masika, maji yakapanda asubuhi. Tuta la Mtopa likaanza kumeguka, na nyuma yake ndiyo nyumba, ndani Nambunga kajifungua jana, kusimama hawezi. Mtopa alitupa udongo, mto ukauchukua. Akawaona jirani mipakani, majembe mabegani, wanamtazama tu. Moyo ulimuuma sana.

"Ita watu!" Nambunga alipaza sauti kutoka ndani.

"Nikiwaita nimewatawala!"

"Basi ngoja ukatawale kambare!"

Kichanga kikalia. Mtopa akatupa jembe, akapiga yowe: "Jamani, njooni! Nawaomba!"

Hata hajamaliza, walikwisha kufika. Ngwele, jirani yake wa karibu, alitangulia, amefura kwa hasira.

"Umetutesa, Mtopa! Tumesimama pale tunatetemeka. Kuingia kwako marufuku, kuambiana twende marufuku. Ulitaka tufanyeje, bwana wee?"

Wakachimba, wakajaza magunia, wanawake wakakanyaga udongo kwa miguu. Jua likiwa utosini, tuta likashika na maji yakapita kando. Ndani, mtoto alikuwa ananyonya. Mtopa akakaa matopeni, akalia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Jumbe hawakumweka hata siku hiyo. Sheria zile mbili ndizo walizozifuta, palepale, na Mtopa ndiye aliyeanza kusema, huku akimshika Ngwele mkono:

"Kumbe, ndugu yangu, kuita si kutawala."