Tumefungwa na Maji Yetu

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye filimbi?
Apulize.
Mwenye kigoda?
Akae, na amwachie mgeni nafasi.

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanacheza mpira, palikuwa na nchi kavu iitwayo Nyika. Nyika haikuwa na mto. Haikuwa na ziwa. Ilikuwa na vumbi, ilikuwa na miiba, na ilikuwa na kisima kimoja tu, huko mbali katikati ya mawe.

Nchini humo aliishi Firigogo. Ni ndege wa rangi ya mchanga, mwenye miguu mifupi. Ukoo wake una kazi yake. Baba hushuka kisimani, hulowesha manyoya ya kifua, huruka kurudi, na watoto hunywa kifuani pake tone kwa tone. Babu yake alifanya hivyo. Baba yake alifanya hivyo. Naye akafanya hivyo.

Firigogo alipenda mpira kuliko usingizi. Alirithi. Babu yake aliwahi kuruka hadi nchi ya mbali kutazama Kombe la Nchi Zote, na aliporudi akawa anasimulia jambo moja kila jioni. Hakusimulia magoli. Alisema, "Nilipotua tu, bata mmoja nisiyemjua alinipa maji kabla hajaniuliza jina. Siku Kombe litakapokuja kwetu, mkumbuke hilo."

Wajukuu walicheka. Kombe lije Nyika? Lije kula vumbi?

Babu akafa. Baba akazeeka. Kombe likaja.

Halikuja kirahisi. Nyika waliomba, wakakataliwa. Wakaomba tena, wakachekwa: "Nyie Nyika mna nini?" Wakaomba tena, wakapewa, na siku hiyo Nyika yote ilikesha ikicheza. Kulipokucha, kazi ikaanza. Ngiri walisawazisha uwanja kwa meno yao. Mchwa walijenga majukwaa, ghorofa juu ya ghorofa. Nungunungu walitoa miiba, ikawa uzio. Na Tembo akasimama mbele ya nchi zote akaahidi kwamba kila alfajiri atanyunyizia uwanja maji ya kisimani, ili wageni wa majini wasiungue ngozi.

Wageni wakaja. Watoto wa Nyika wakaona kwa macho yao viumbe waliokuwa wakiwasikia masimulizini tu: bata wa maziwa makubwa, mbuzi wa milima ya baridi, kima weupe wa misituni. Kila alfajiri Tembo alinyunyiza, fyuuu, fyuuu. Kila mchana ngoma zililia, dundu, dundu. Firigogo alikuwa kiongozi wa nyimbo, na Nyani alikuwa mpiga ngoma. Firigogo akianza, "Nyika!" jukwaa zima linaitika, "Kwetu ni kwetu!" Alitembea kifua mbele, akimwonyesha kila mgeni njia hata kama hajaulizwa.

Na timu ya Nyika ikashinda. Ikashinda tena. Ikashinda mpaka ikafika fainali, na huko ikakutana na Vyura wa Kinamasi.

Vyura walikuja wenyewe tu. Njia ilikuwa kavu mno, mashabiki wao walirudi nusu safari. Hawakuwa na ngoma. Hawakuwa na wa kuwaimbia.

Asubuhi ya fainali, Firigogo alimkuta Nyani akizungumza na Tembo.

"Mzee Tembo, leo pumzika," alisema Nyani.

"Na uwanja?"

"Uwanja upo. Utakimbilia wapi?"

"Uwanja utakauka."

"Ukauke. Sisi ni watu wa ukavu. Wale ndio watu wa tope."

"Lakini niliahidi, Nyani. Kila alfajiri."

"Leo umepitiwa na usingizi. Mzee kulala nayo ni dhambi?"

Tembo akacheka. Akajilaza. Firigogo aliyasikia yote, na hakusema neno. Alilitaka lile kombe. Alilitaka mno.

Mchana ukafika. Jua likakaa katikati ya uwanja kama limelipia kiti. Mwamuzi alikuwa Twiga, kwa sababu anaona mbali, na kwa sababu hali mchezaji yeyote. Mpira ulikuwa ndulele, lile tunda la manjano la porini, na usiniulize Chura aliupigaje.

Priii.

Swala akachukua, akampa Ngiri, Ngiri akarudisha, Swala akapiga. Goli. Jukwaa likatetemeka hadi mchwa wakaogopa kazi yao. Dundu, dundu, dundu. "Nyika!" "Kwetu ni kwetu!"

Vyura walikimbia, wakateleza juu ya vumbi. Ngozi zao zilianza kupauka. Hawakulalamika kwa Twiga. Hawakulalamika kwa yeyote. Waliruka, wakaanguka, wakainuka, mpaka filimbi ya mapumziko ikalia.

Hapo ndipo Firigogo alipomwona kipa wao. Alikuwa mdogo, amekaa chini ya mlingoti wa goli, ametoa ulimi nje. Alikuwa analamba kivuli cha mlingoti.

Firigogo akaukatiza wimbo wake.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Nyani. "Imba, bwana."

"Wageni hawajanywa."

"Wageni gani? Wale ni wapinzani."

"Walikuja kwetu wageni, Nyani. Upinzani waliukuta hapa."

"Ukiwapa maji watafunga."

"Huenda."

"Na kombe?"

Firigogo akaliangalia kombe. Lilikuwa juu ya kichuguu, linang'aa. Alilitamani hadi kifua kikamuuma. Halafu akaruka.

Puru, puru, puru, mpaka kisimani. Akalowesha kifua. Puru, puru, puru, mpaka uwanjani. Nyika wakamwona. Mwanzoni hawakuamini. Kisha wakaanza kumzomea.

"Huyoo, amehamia tope!"

"Jifunze kuruka kwa makalio, ndugu!"

"Kuanzia leo tukuite Chura mwenye mbawa!"

Firigogo akatua mbele ya kipa, akafungua manyoya. "Kunywa."

Kipa akamtazama. "Wewe si yule wa nyimbo?"

"Ndiye."

"Umetuimbia vibaya sana."

"Na nitaendelea. Kunywa kwanza."

Kipa akanywa, tone kwa tone. Firigogo akageuka kurudi kisimani, na angani akapishana na kaka zake. Hawakuwa wameitwa. Nyuma ya kaka zake walikuja binamu, na nyuma ya binamu, wajomba, ukoo mzima, kila mmoja na kifua chake, wakizomewa kwenda na wakizomewa kurudi.

Twiga alipoinua filimbi, Ngiri, nahodha wa Nyika, akamsogelea. "Ngoja kwanza. Wageni hawajamaliza."

"Nahodha, hata wewe?" akapiga kelele Nyani.

"Nikimfunga aliyekauka, nyumbani nitawasimulia nini wanangu?"

Jukwaa likapoa. Kukasikika kishindo, Tembo akapita katikati ya mashabiki, ameinamisha masikio, mkonga umejaa. Hakumtazama mtu. Akanyunyiza uwanja mwanzo hadi mwisho, fyuuu, fyuuu, fyuuu. Vumbi likalala.

Basi kipindi cha pili kikawa mpira hasa. Firigogo akaimba kwa nguvu zote, ameshalowa kifua kizima. Swala alikimbia, Vyura waliruka. Ngiri alizuia, Vyura waliruka juu ya Ngiri. Wakasawazisha. Nyika wakapiga mlingoti, kooo. Wakapiga tena, kipa mdogo akaudaka kwa ulimi. Na jua likianza kushuka, Chura mmoja akaruka juu ya wote, akaugusa mpira kwa kichwa. Goli la pili.

Priii.

Nyani akaketi juu ya ngoma yake, akafuta macho.

"Tumefungwa na maji yetu wenyewe," akasema.

Firigogo akatua karibu naye. "Sema tena."

"Usinitoneshe kidonda, bwana."

"Sema tena. Tumefungwa na maji ya nani?"

"Yetu."

"Yametoka nchi gani?"

"Nyika."

"Nchi iliyokosa nini?"

Nyani akaangalia uwanja uliolowa, uwanja wao. Akaangalia majukwaa yaliyojaa wageni wa kila nchi. "Iliyokosa maji," akasema polepole.

Akainuka. Akaipiga ngoma, dundu. Akapaza sauti, "Tumefungwa na maji ya nani?"

Wachache wakaitika, "Yetu."

Dundu. "Ya nani?"

"Yetu!"

Wimbo ukapanda ghorofa baada ya ghorofa. Swala aliuimba akilia, Ngiri aliuimba akicheka, na wageni waliuimba bila kujua maana yake yote. Nahodha wa Vyura akaja na kombe mpaka mbele ya jukwaa. "Tumecheza kwenye nchi za mito na nchi za maziwa," akasema. "Maji ya kuletewa kifuani tumeyanywa Nyika."

Firigogo alikwenda nyumbani kuwanywesha watoto wake, na alipomaliza akawasimulia habari ya babu, na ya bata, na ya siku ile.

Ndiyo maana hadi leo, Firigogo akishuka majini, vyura wote hunyamaza. Humpisha anywe, aloweshe kifua. Akisharuka, ndipo huanza tena kuimba.

Mlio hapa, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: ukiita wageni kwako, watunze, hata kama wamekuja kukushinda. Ushindi utagombaniwa tena mwaka mwingine, lakini namna ulivyompokea mgeni ndiyo habari atakayokwenda nayo kwao.

Hadithi yangu imepigiwa filimbi hapo. Kombe walilichukua Vyura; kisima kimebaki Nyika.