Shavu la Kasanda

"Asiyesema hapigiwi ramli; hutazamwa." Methali hii mmeisikia leo, mkauliza imetoka wapi. Ilitoka katika nyumba ya msiba, huko Urambo.

Nyamizi alikuwa na kaka yake, Kasanda, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, asiyeweza kusema. Mama yao alipofariki, Kasanda alikataa uji, akawa anajipiga shavu kwa ngumi hadi likavimba. Nyumba nzima ikakubaliana: anamlilia mama. Waliokuja kuhani walimshika bega wakisema, "Pole, baba, ndiyo dunia." Naye akazidi kujipiga.

Mjomba wao, mzee Kapela, kaka wa marehemu, akaamua. "Nitamtafutia vidonge vya usingizi. Akilala, msiba utampita."

Nyamizi aliogopa. Alikuwa na jirani aliyepewa vidonge vya namna hiyo. Jirani huyo alibaki kukaa tu, mate yakimtoka, hata akiitwa haitiki. Basi akamwita Devota, mwalimu wa kituo cha watu wenye ulemavu alikokuwa akishinda Kasanda.

Devota alisikiliza, kisha akasema, "Watafiti wamewafuatilia watu wengi wasiosema. Anayeanza ghafla kujipiga, mara nyingi kuna mahali panamuuma. Jino, sikio, tumbo. Wanashauri maumivu yatafutwe kwanza, kabla ya vidonge."

Mjomba akacheka. "Hao watafiti wamemjua lini Kasanda wetu? Walikuja kutoa rambirambi?"

"Hawamjui, mzee wangu. Wamenionyesha pa kuanzia tu. Anayemjua ni huyu dada yake. Ila ninyi mnampigia ramli tangu juzi, na hakuna aliyemtazama kinywani."

"Kinywa hafungui!"

"Kwangu atafungua," alisema Nyamizi.

Alikaa chini mbele ya kaka yake, akapanua kinywa chake mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya mama alipompigisha mswaki. Kasanda akamkazia macho, kisha naye akapanua. Harufu ikawafikia wote. Nyuma kabisa gego lilikuwa limeoza, na fizi imetunga usaha.

Mjomba aliinuka. Alivaa kofia yake, akampeleka Kasanda hospitali yeye mwenyewe.

Gego liling'olewa, uvimbe ukaisha, Kasanda akala. Siku ya arobaini, alipomaliza pilau yake, alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama, akaanza kulia.

"Jino tena hilo!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Mkimbizeni hospitali!"

"Hebu ngoja, shemeji," alisema Mjomba. "Asiyesema hapigiwi ramli; hutazamwa."

Akainama, akamtazama. Mikono ya Kasanda ilikuwa imetulia mapajani. Machozi yalishuka taratibu, na macho yake hayakutoka kwenye kitanda kitupu.

"Si jino," Mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Sasa ndiyo anamlilia dada yangu."

Nyamizi akaja kukaa kizingitini, bega kwa bega na kaka yake, akalia naye. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Na maneno ya Mjomba yakabaki midomoni mwa watu: asiyesema hapigiwi ramli; hutazamwa.