Mayai Matatu Kifuani

Mkunga alikuwa amestaafu miaka minne, lakini mikono yake haikustaafu. Kwa miaka thelathini ilipokea watoto wa watu, ikawafuta, ikawakabidhi kwa mama zao. Wa kwake hakujaliwa. Aliishi na mumewe, dereva wa zamani wa malori, mtu mkimya kama maji ya mtungi. Suala la watoto walikuwa wamelifungia zamani, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Uani walifuga kuku watano wa mayai, bila jogoo. Mmoja, mwekundu, walimwita Mwali kwa jinsi alivyopenda kujifungia bandani. Siku moja Mwali aliingia tengani akakataa kutoka. Alijitandaza juu ya mayai, manyoya yamemsimama, akimdonoa kila aliyemsogelea. Mkunga alijua kwamba mayai yale hayakuwa na mbegu. Hata angeatamia mwaka mzima, angeambulia uvundo. Akayaondoa. Jioni alimkuta kuku yule yule ameliatamia tenga tupu, ametulia tuli.

"Mmwagie maji ya baridi, atasahau," mumewe alishauri.

"Maji hayasahaulishi hilo," mkunga alijibu, akageukia upande mwingine.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao, muoka mikate, ambaye mtaa mzima ulimwita Chachu kwa sababu kitambi chake kiliumuka mwaka hadi mwaka. Chachu alikuwa na jogoo.

"Nisaidie mayai ya kuatamiza, jirani."

"Chukua saba, Mama Mkunga. Ila usije ukanilaumu. Jogoo wangu ana mbwembwe nyingi, kazi sijui kama anaifanya."

Baada ya Mwali kuyaatamia siku saba, mkunga alijifungia stoo na tochi, akayamulika moja moja. Manne yalikuwa matupu, yakipitisha mwanga kama glasi. Matatu yalikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi, na katikati kidoa kilichokuwa kikipigapiga. Maisha yake yote alikuwa amesikiliza mapigo ya mioyo matumboni mwa wanawake wengine. Alikaa na yai la mwisho kiganjani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kumi na nane balaa lilibisha hodi. Mwali alitoka kunywa maji, na mbwa mzururaji akapenya uani. Mkunga alipotokeza na ufagio, alikuta manyoya tu yakipeperuka. Alikimbilia tengani. Mayai matatu yalikuwa bado na ujoto. Aliyaviringisha kwa kitambaa laini, akayatia kifuani, akajifunga khanga juu yake.

Chachu alipopata habari alikuja kumpa pole, akabaki ameduwaa. "Mama Mkunga, umri huu unaatamia mayai? Watu watakucheka."

"Waache wacheke. Meno si ya kutafunia tu."

Alikula amekaa wima, akalala ameegemea kiti. Siku ya pili mgongo ulimwuma kama uliotwangwa kinuni, na miguu ikavimba. Mumewe alimtazama kutwa nzima. Hatimaye alivuta kigoda akakaa karibu yake.

"Umechoka, mke wangu."

"Sijachoka."

"Umechoka." Akafungua vifungo vya shati lake. "Nipe na mimi niyabebe kidogo. Hata mimi nilitamani."

Mkunga aliduwaa. Miaka yote ile alidhani kwamba jambo lile lilimchoma yeye peke yake. Aliyahamisha mayai moja baada ya jingine, machozi yakimtiririka. Dereva aliketi, mikono iliyozoea usukani imekumbatia kifua, akiogopa hata kukohoa.

Wakawa wanapokezana. Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, dereva alinong'ona, "Kuna mmoja ananidonoa." Kufikia adhuhuri vifaranga wawili walikuwa ndani ya boksi, kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, wakikauka taratibu. Yai la tatu halikuanguliwa. Walilisubiri siku nzima zaidi, kisha dereva akalifukia nyuma ya banda, na wote wawili wakasimama pale wameinamisha vichwa.

Vifaranga wale waliwafuata kila walikokwenda, wakilia hata mlango ulipofungwa kidogo. Nyumba haikupata mtoto, wala hamu haikwisha. Lakini jioni moja, vifaranga wamelala pajani mwake, mkunga alimwuliza mumewe kama aliwahi kuwaza jina.

"La msichana," dereva alisema. "Nililikariri barabarani miaka na miaka." Akamtajia.

Mkunga naye akamtajia la kwake. Waliyarudia majina yale mawili, polepole, wakisikiliza yanavyosikika ndani ya nyumba yao. Ndipo mtu anapoelewa kwa nini wahenga walisema: asiye na mwana, aeleke jiwe.